Karafuu yetu, lebo yao

Anayepika sabuni ya karafuu hana nafasi ya kuzubaa. Ya mchaichai unaweza kuikoroga huku unapiga soga na mwenzio, rojo linakuja taratibu. Ya karafuu haikungojei. Mafuta ya nazi na maji ya kostiki yakishachanganyika, ukimimina mafuta ya karafuu tu, rojo linashika. Sasa hivi mwiko ulikuwa unazunguka, mara umesimama wima katikati ya ndoo, na sabuni imeganda humo humo kabla hujaifikisha kwenye kalibu. Wanawake wapya kwenye kikundi chetu hudhani wamekosea vipimo. Hawajakosea. Ni yujenoli iliyomo kwenye karafuu. Ile ni fenoli, ikikutana na kostiki inaamka, na haina mzaha.

Nimeanza na ndoo kwa sababu wengi wanaoandika juu ya karafuu huanza na harufu, na harufu tunaijua. Sisi wa Pemba tumekulia ndani yake. Msimu ukiitika, majamvi yanatandazwa mpaka ukingoni mwa barabara na gari zinapita kwa adabu. Nimechambua karafuu tangu sijaanza skuli, makonyo, yaani vijiti vya kishada, huku, karafuu huku, mpaka vidole vinageuka rangi. Ukijisahau ukatia kidole mdomoni, ulimi unakufa ganzi. Hakuna mtu mzima aliyetueleza ganzi ile inatoka wapi, na sisi hatukuuliza.

Inatoka kwenye yujenoli. Mafuta yanayotolewa kwenye karafuu yenyewe yana yujenoli asilimia 70 hadi 90, na ya makonyo huweza kupita hapo. Ndiyo unayoinusa ukiingia kwa daktari wa meno, maana ile dawa ya kuzibia jino kwa muda ni unga wa oksidi ya zinki uliokandwa kwa yujenoli. Imo kwenye manukato ya ghali. Opium ya Yves Saint Laurent, iliyotoka mwaka 1977, ni mojawapo ya yale yanayosifika kwa harufu ya viungo. Zamani viwanda vya Ulaya na Marekani vilinunua mafuta ya karafuu vikaigeuza yujenoli kuwa vanilini, ile ladha ya vanila kwenye keki na aiskrimu, mpaka zikapatikana njia za bei rahisi. Waindonesia, wanaolima karafuu nyingi kutupita mbali, wanazivuta zao kwenye sigara. Kwa hiyo tunazungumzia kiambato kilichozunguka dunia nzima, na sehemu ya mzunguko huo imeanzia kwenye miti iliyoletwa Unguja kutoka Mauritius mwanzoni mwa karne ya 19, ikapandwa kwa jasho la watumwa, na baada ya kimbunga cha mwaka 1872 kuing'oa ya Unguja, Pemba ikabaki ndiyo shamba.

Pale Wawi, nje kidogo ya Chake Chake, kuna kiwanda cha makonyo. Mvuke unapitishwa kwenye makonyo, unabeba mafuta, unapozwa, kisha mafuta na maji vinaachana. Mafuta mengi tuliyoyazoea huelea. Haya yanazama. Mwanafunzi yeyote anaweza kujionea nyumbani: dondosha tone kwenye glasi ya maji, likikwama juu liguse kwa kijiti, litashuka polepole mpaka chini na kutulia humo. Lililozidishiwa mafuta ya kupikia litakaa juu na kutanuka. Mimi hununua mafuta kwa kipimo hicho, glasi mkononi, na wauzaji wa mtaani wamenizoea. Wasioweza kustahimili glasi hawanikaribii.

Mambo ya lebo yalikuja kwa mlango mwingine. Mjerumani mmoja mwenye duka dogo kwao alipita kwenye maonesho, akanunua vipande vichache vya sabuni yetu, akarudi kwa barua pepe akitaka katoni. Bei tulielewana upesi. Kisha yakaja maswali. Kilo moja ya sabuni ina gramu ngapi za mafuta ya karafuu? Humo, yujenoli ni kiasi gani? Linaloli je? Limonini? Wenzangu kwenye kikundi walinikataza katakata kumjibu, wakisema huyu anataka kutuibia mapishi.

Alikuwa anafuata sheria ya kwao. Kwa sheria ya mwaka 2003, ambayo kwenye lebo ilianza kutumika mwaka 2005, Umoja wa Ulaya ulitaka viambato 26 vya harufu vitajwe kimoja kimoja kwa majina, visijifiche nyuma ya neno moja la "Parfum". Sababu ni kwamba viambato hivyo vinajulikana kuleta mzio kwa baadhi ya watu, na yujenoli ni kimoja wapo. Kiwango cha kulazimika kukitaja ni kidogo mno: kikizidi asilimia 0.001 kwenye kitu kinachobaki mwilini, kama mafuta ya kujipaka na losheni, au asilimia 0.01 kwenye kitu cha kusuuza, kama sabuni na shampuu. Mwaka 2023 orodha ikarefushwa ikapita viambato 80, na bidhaa mpya zinatakiwa ziifuate kuanzia mwisho wa Julai 2026. Safari hii hawakutaja yujenoli peke yake, wametaja na mafuta ya karafuu yenyewe, ya mlangilangi, ya asumini, ya msandali, ya waridi. Ukiisoma orodha hiyo utadhani umeingia chumba cha bibi harusi wa Unguja.

Nikapiga hesabu. Kwa kilo ya sabuni natia gramu 15 za mafuta ya karafuu. Tuseme yujenoli humo ni asilimia 80: gramu 12. Kiwango cha kulazimika kuitaja kwenye kilo moja ya sabuni ni gramu 0.1. Nimekipita mara 120. Wala hakuna aliyeniambia nipunguze, kwa sababu kwa kitu kinachosuuzwa kiasi hicho hakijakatazwa. Nilichoambiwa ni niandike.

Basi kipande kinachokwenda Ujerumani kina karatasi yenye kila kitu, mpaka jina la Eugenol kama wanavyoliandika wao. Pacha wake, aliyetoka ndoo ile ile siku ile ile, akienda Darajani, desturi ya soko ni picha ya karafuu, neno ASILI kwa herufi kubwa, na nambari ya simu. Hapo ndipo ugomvi wangu ulipo. Anayepanda mti, anayeuchuma, anayechambua, anayeanika, anayekanda sabuni, anayechua wageni hotelini, hao ndio wanaoishika karafuu kila siku, na hao ndio wasioambiwa lolote. Mtu wa Berlin anayeoga nayo kwa hamu ya Krismasi anasomewa kila kilichomo.

Jibu nalijua, nimeshalisikia mpaka kwenye daladala: hii ni asili, haina kemikali. Tumelelewa na kampeni dhidi ya mkorogo, na ni kampeni ya haki. Zebaki na haidrokwinoni zimeharibu nyuso za dada zetu, na tangazo la "vipodozi vyenye viambato sumu" tumelisikia tangu wakati wa Mamlaka ya Chakula na Dawa (TFDA) mpaka sasa vipodozi vya Bara viko chini ya Shirika la Viwango (TBS), na huku kwetu chini ya Wakala wa Chakula na Dawa. Ila elimu ile imetuachia imani moja yenye tabu, kwamba hatari inatoka kiwandani tu, kilichotoka shambani hakina neno. Yujenoli iliyotoka Wawi na yujenoli iliyotengenezwa maabara ni molekuli ile ile: kaboni 10, haidrojeni 12, oksijeni 2. Ngozi haiulizi cheti cha kuzaliwa.

Halafu wanamleta bibi. Bibi alitusinga kwa karafuu miaka yote na ngozi yake ilikuwa laini mpaka anazikwa. Ni kweli. Lakini bibi alisaga karafuu chache kwa mkono, akazichanganya na liwa na mawaridi na marashi, akapaka, akasugua, akaosha. Karafuu kavu ina mafuta asilimia 15 hadi 20 hivi, na kwenye singo mafuta hayo yamefungwa ndani ya unga. Kichupa cha mililita 10 kinachouzwa leo kwenye meza ya barabarani kimebeba mafuta ya gramu 60 za karafuu kavu. Kama yametoka kwenye makonyo, ambayo mafuta yake ni asilimia 5 au 6 tu, basi ni ya zaidi ya gramu 170 za makonyo. Bibi hakuwahi kukishika kichupa kama hicho, kwa hiyo tusimtolee ushahidi wake.

Robert Tisserand na Rodney Young, walioandika kitabu kinachotegemewa sana duniani juu ya usalama wa mafuta ya mimea, wanashauri mafuta ya karafuu kwenye ngozi yasizidi asilimia 0.5. Kwa chupa ya mafuta ya nazi ya mililita 100, hiyo ni nusu mililita, matone kama 10. Sasa nenda kwa muuza mafuta ya kuchua, mwambie akutengenezee chupa, utazame anavyomimina. Matone hahesabu. Anamimina mpaka harufu imridhishe yeye, ambaye pua yake imekaa na karafuu tangu asubuhi na imeshachoka.

Kuna binti mmoja anayefanya kazi ya kuchua kwenye hoteli ya ufukweni, sitaitaja. Alinijia kununua sabuni isiyo na harufu, jambo ambalo kwa mteja wa kwetu ni la ajabu. Nikamwomba mikono. Gumba na kidole cha shahada, mkono wa kulia, ngozi imekakamaa na kupasuka kwenye vifundo, imekuwa nyeusi kuliko mahali pengine, na pembeni ya kucha imevimba. Alikuwa anakandia wageni mafuta ya karafuu na mdalasini mteja baada ya mteja. Ameshapewa krimu ya fangasi, ameshapewa krimu nyingine, ameshasomewa. Akienda likizo kwao Makunduchi inapoa, akirudi kazini inaanza. Sikuhitaji kuwa daktari kuona kalenda inasema nini, lakini nilimwambia aende kwa daktari wa ngozi na chupa anayoitumia aibebe. Chupa haikuwa na maandishi yoyote. Hotelini huwa inajazwa tu kutoka kwenye dumu.

Mzio wa harufu una tabia ambayo inawapoteza watu wengi, tofauti na kuungua. Mafuta makali yakikuunguza unajua papo hapo. Mzio hauji siku ya kwanza. Mwili unaweza kukutana na yujenoli mwaka, miaka miwili, hakuna kitu, huku chembe za kinga zinajifunza kuitambua. Zikishaitambua hazisahau. Kuanzia hapo hata kiasi kidogo kinaleta mwasho na vipele, na vinaweza kuchukua siku moja au mbili kutokea, kwa hiyo mtu anamsingizia samaki wa jana. Ndiyo maana ile kauli ya "nimeitumia miaka yote" haithibitishi chochote. Kwa ngozi zetu nyeusi kuna mtihani wa ziada: wekundu ulioandikwa kwenye vitabu hauonekani vizuri, daktari aliyezoea picha za Wazungu anaupita, na kinachobaki ni madoa meusi ambayo wengine huenda kuyafuta kwa mkorogo. Mduara huo nimeuona kwa macho yangu.

Kipimo kipo. Madaktari wa ngozi hubandika vibandiko vidogo mgongoni, vinakaa siku mbili, kisha wanasoma ngozi imefanya nini, na wanasoma tena baada ya siku kadhaa. Katika mchanganyiko wa harufu wanaoutumia zaidi, wenye viambato 8, yujenoli imo, na ndugu yake isoyujenoli naye yumo. Huyu ndugu ni mkali zaidi, na ndiye ambaye kidogo chake kimo kwenye mlangilangi. Moshi, pale hospitali ya KCMC, pana kituo cha kanda cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi tangu mwaka 1992, na kimesomesha wataalamu wa nchi nyingi za Afrika. Ujuzi si kwamba haupo. Lakini kipimo hata kikikuambia una mzio wa yujenoli, utafanya nini na jibu hilo Darajani, kwenye meza ambayo hakuna chupa hata moja iliyoandikwa kilichomo?

Sasa watoto. Hapa sitaki kuwa na lugha laini. Mafuta ya karafuu yanauzwa kama dawa ya jino, na mama mwenye mtoto anayeota meno anasikia kwa jirani kwamba apake kwenye ufizi. Kamati ya pamoja ya wataalamu wa FAO na WHO inayoangalia viongezwa vya chakula iliweka kiwango kinachokubalika cha yujenoli kuwa miligramu 2.5 kwa kila kilo ya uzito wa mtu kwa siku. Tone moja la mafuta ya karafuu lina yujenoli kama miligramu 40. Mtoto wa kilo 10 kiwango chake ni miligramu 25. Tone moja limeshapita. Kiwango hicho kimewekwa kwa mtu anayekula kitu kila siku maisha yake yote, kwa hiyo tone moja halitamuua mtoto, na sitaki mtu akimbie na mwanawe hospitali kwa sababu ya tone la jana. Ila linakupa picha jinsi kichupa kile kilivyo kikubwa.

Mwaka 1993 jarida la madaktari wa watoto la Uingereza, Archives of Disease in Childhood, lilichapisha kisa cha mtoto wa miaka 2 aliyekunywa mafuta ya karafuu kati ya mililita 5 na 10. Alipoteza fahamu, akapata degedege, ini likaharibika, damu ikashindwa kuganda. Walimwokoa, ila kwa shida. Mililita 5 ni kijiko cha chai. Ni nusu ya kichupa kile cha barabarani, ambacho mfuniko wake unafunguka kwa vidole vya mtoto na hauna kile kidoneshi cha ndani kinachozuia mafuta yasitoke kwa mkupuo. Mtoto akinywa, asitapishwe, maana mafuta yanaweza kuingia mapafuni. Apelekwe hospitali mara moja, na kichupa kiende naye. Kwa mtu mzima mwenye kuumwa jino pia kuna jambo: yujenoli inaganzisha na inachoma kwa wakati mmoja, hivyo fizi inaungua bila mwenyewe kuhisi, na anazidi kupaka. Na kwa wale wanaowafundisha wanawake kwenye simu zao watumie maji ya karafuu na mafuta yake sehemu za siri, nitasema tu kwamba ngozi ya huko ni nyembamba kuliko ya mkono wa yule binti wa hotelini.

Hofu nyingine ninayoisikia, hasa kwa wakulima, ni kwamba haya yote ni njama ya Ulaya kuikataa karafuu. Naelewa inakotoka, bei ya karafuu imetutesa vya kutosha. Lakini tazameni Ulaya wamekataza nini. Lilial, kiambato cha maabara chenye harufu ya maua meupe, kilichojaa kwenye shampuu na dawa za kunyunyiza kwapani, walikipiga marufuku kuanzia tarehe 1 Machi 2022 kwa sababu kimewekwa kwenye kundi la vitu vinavyoweza kudhuru uzazi. HICC, iliyouzwa kwa jina la Lyral, ilitolewa sokoni moja kwa moja mwaka 2021 kwa kuwa iliwapa watu wengi mno mzio. Hizo zimekatazwa. Yujenoli imetajwa tu. Shirika la Afya Duniani, kupitia taasisi yake ya saratani, IARC, limeiweka kundi la 3, maana yake hakuna ushahidi wa kutosha kusema inaleta saratani kwa binadamu. Karafuu imepita mtihani huo, na sharti lake ni ijitambulishe. Mwenye kuipenda karafuu anapaswa kulikubali sharti hilo kwa mikono miwili. Yule Lilial, kwa taarifa yenu, kwenye lebo huandikwa Butylphenyl Methylpropional. Nimelikuta jina hilo mjini kwenye kopo la marashi ya bei poa, rafuni, likiwa na tarehe ambayo bado haijaisha. Nimelikuta kwa sababu aliyelitengeneza aliandika. Asingeandika ningelinunua.

Ninachoomba si kikubwa. Kila chupa ya mafuta ya karafuu inayouzwa rejareja Zanzibar iandikwe kwa Kiswahili kilichomo na kwa asilimia ngapi, ipewe kidoneshi na mfuniko mgumu, iandikwe isinywewe na isipakwe fizi ya mtoto, na iandikwe ilitolewa mwaka gani, maana mafuta haya yakizeeka na kupata hewa yanageuka kahawia na hayabaki yale yale. Kila sabuni na mafuta ya kujipaka iseme kama ina yujenoli. Wakala wa Chakula na Dawa wana sheria ya vipodozi mkononi tangu mwaka 2006, wanaweza kuanza na masoko mawili matatu bila kumfungia mtu biashara. Vikundi vya wanawake tusitishwe faini kabla hatujafundishwa. Mafunzo kwanza, kisha mizani ndogo ya kupimia gramu, maana wengi wetu bado tunapimia kifuniko cha chupa ya soda. Hotelini, dumu liandikwe kama chupa, na anayechua apewe haki ya kujua anachokandia.

Gharama yake ni karatasi. Mimi nilishaanza: lebo ya Mjerumani nikaitafsiri, nikaibandika na kwenye vipande vya Darajani, chini kabisa nikaandika kwamba ina yujenoli na inaweza kuleta mzio kwa baadhi ya watu. Kijana mmoja mwenye duka linaloninunulia kwa jumla akanipigia.

"Shikamoo Bi. Hii karatasi yako ya chini inanikimbizia wateja."

"Marahaba mwanangu. Wamekimbia wangapi?"

"Wanaisoma, wanairudisha. Mimi nauza sabuni Bi, siuzi kesi. Waandikie Wajerumani, hao ndio wanaotaka kusoma."

Nikamwuliza wanaoisoma ni nani, akasema ni kina mama. Nikamwambia basi na wa kwetu wanataka kusoma. Akacheka, akasema nimemshinda kwa maneno. Baada ya muda nikapita dukani kwake, nikakuta amekaa na wembe, anazibandua lebo moja moja kwa utaratibu, na kasha la karanga limejaa vikaratasi vyangu. Hakuona haya hata kidogo, alinikaribisha kiti.

Hatukugombana, ni mteja wangu na hesabu yake hulipa kwa wakati. Ila mzigo uliofuata maneno yale yale niliyachapisha kwenye karatasi ya kufungia sabuni yenyewe, kwa wino mweusi, upande wa mbele. Akitaka kuyaondoa, itabidi auze sabuni ikiwa uchi.